Huruma ya mama na kufuli tatu za kikoba

Machi 8 haipiti bila kusikia kwamba mwanamke kiongozi anaaminika, ana huruma na anajua kuishi na watu. Sibishi. Vikoba vyetu vya mitaani ni ushahidi. Watu 15 hadi 30, wengi wao wanawake, wananunua hisa kila wiki na kukopeshana bila hati ya nyumba. Mwenyekiti mzuri anajua nani ana mgonjwa ndani na nani mumewe kaachishwa kazi. Asiyeonekana vikao viwili anafuatwa nyumbani. Benki gani inayajua hayo?

Lakini litazame sanduku lenyewe la pesa za kikoba. Mtindo huu wa kuweka na kukopa, ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini, huja na kufuli tatu. Funguo wanazo wanachama watatu tofauti, na anayelala na sanduku hana hata mmoja. Pesa huhesabiwa mbele ya wote. Mchelewaji hulipa faini, hata akiwa wifi yake katibu. Kwa hiyo wanaosema uaminifu wa mwanamke ni wa kuzaliwa, naona wanawanyima sifa wanawake waliokaa chini wakautengenezea utaratibu.

Na ukaribu huo una makali yake. Mwenyekiti mwenye huruma humkopesha asiye na uwezo wa kulipa. Huyo anakopa kikoba cha pili kulipia cha kwanza, mwishowe anaangukia kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Siku ya kudaiwa, wanaokuja kubeba televisheni na sufuria ni walewale waliokuja kumpa pole msibani. Afisa wa benki angeandika barua tu.

Upande mwingine wanadai huruma ni ulegevu, haiwezi maamuzi magumu. Hawa sijui wamehudhuria kikao gani. Kumnyima mtu mkopo ukiwa nyuma ya kioo ni kazi nyepesi. Kumnyima jirani mnayechota naye maji bomba moja, halafu kesho mkasalimiana, hiyo ndiyo kazi. Tena haina posho, hata vocha ya kuwapigia wanachama mwenyekiti anajinunulia.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ukifika, mama huyo akichukua fomu, anaulizwa kama ataziweza vurugu za wanaume. Muulizaji huenda ni kijana ambaye matairi ya bodaboda yake yalinunuliwa kwa mkopo wa mama yake, kutoka sanduku lilelile.