Mpira wa kwanza urushwe wima, usipokuwa wima urudiwe

Kwenye viwanja vingi vya kikapu hapa Arusha na Moshi, jampu boli, yaani mwamuzi kurusha mpira juu kati ya wachezaji wawili ili waugombanie, imegeuzwa kuwa sherehe ya kufungua mchezo. Mpira unarushwa, mmoja anaugusa, watu wanakimbia. Ukienda kombo, basi, mchezo unaendelea. Napinga mazoea haya. Mpira uliorushwa vibaya ni kosa la mwamuzi, na dawa yake ni filimbi na kurudia, hata ikibidi mara tatu.

Kuna wanaojitetea kwamba mshale, ule wa mezani unaoonyesha timu itakayopewa mpira ukigombaniwa tena, husawazisha mambo, kwa kuwa timu iliyokosa mpira wa kwanza hupewa mpira wa mshale baadaye. Ni kweli hupewa. Lakini mpira unaoinamia upande mmoja haunyimi timu mpira peke yake. Unamlazimisha mrukaji kuinama hewani na kumfuata mwenzake, kisha anashukia juu ya mguu wa mtu. Kwenye sakafu ya saruji, na viwanja vyetu vingi ni vya saruji, hapo ndipo vifundo vya miguu vinapoteguka, hata kabla saa haijamaliza sekunde mbili.

Chanzo kikubwa cha kombo ni mkono ulionyooshwa. Mkono ulionyooka huzunguka kwenye bega, kwa hiyo hupanda kwa tao, na mpira huachiwa ukiwa unarudi upande wa mwamuzi mwenyewe. Kunja kiwiko. Ingia karibu vya kutosha ili mpira ukae katikati kabisa ya warukaji wawili, usawa wa kifua, juu ya vidole na si ndani ya kiganja. Halafu sukuma kwenda juu moja kwa moja, magoti yakisaidia, kama mtu anayemtwisha mwenzake ndoo ya maji. Kifundo cha mkono kitulie, maana kukikunja mwishoni kunauzungusha mpira na kuupotosha.

Na usiushushe mpira kwanza hadi magotini ndipo uupandishe. Mrukaji huruka kwa kutazama mkono wako. Ukianza kwa kushuka, ataondoka mapema na kuugusa mpira ungali unapanda. Huo ni ukiukaji kwa mujibu wa kanuni, ila wewe ndiye uliyemchokoza.

Kuhusu kimo, kanuni inataka mpira upande juu kuliko mrukaji yeyote anavyoweza kufika kwa kuruka. Mchezaji wa mita 1.90 mwenye mruko mzuri hufikisha vidole usawa wa ringi, yaani mita 3.05, kwa hiyo kwa wanaume wazima mita 3.5 zinatosha. Akisimama mtu wa kimo cha Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyecheza NBA, mita 2.21, hesabu hiyo haifai tena. Kwa wasichana wa sekondari, hasa mechi za UMISSETA (michezo ya shule za sekondari), punguza, na kumbuka kwamba mpira wao wa namba 6 ni mwepesi kuliko namba 7 wa wanaume, hivyo nguvu ileile huupeleka juu zaidi. Kurusha juu kupita kiasi nako kuna gharama: kosa dogo la pembe hukua kadiri mpira unavyopanda. Ukiachia kutoka kama mita 1.8 kwenda 3.6 na mkono ukapinda digrii 5 tu, mpira ukifika kileleni umeshasogea takribani sentimita 30. Upana wa mpira wa namba 7 ni kama sentimita 24. Yaani umemzawadia mmoja mpira mzima.

Zoezi lake ni rahisi, na ringi zetu zisizo na nyavu zinalifaa sana. Simama chini ya ringi, rusha mpira upite katikati kutoka chini bila kugusa chuma, upande kama nusu mita juu yake, kisha urudi kwa njia ileile. Uwazi wa ringi ni sentimita 45, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni ndogo. Ukipinda kidogo tu, chuma chenyewe kitakuambia. Mwamuzi afanye mara 20 kabla ya msimu, na tano kabla ya kila mechi wakati timu zinapasha misuli. Semina zetu za waamuzi hutumia saa nzima kwenye ishara za mikono na hazigusi jambo hili. Hilo linanisikitisha.

Filimbi isiwe mdomoni mwa anayerusha. Mikono ya warukaji hupita karibu na uso wake, na kiwiko kimoja kikiigonga filimbi, meno yanaondoka. Sasa fuata mantiki hiyo hadi mwisho: kama anayerusha hana filimbi mdomoni, nani atasimamisha urushaji mbaya? Ni mwenzake, aliye karibu na mstari wa kati upande wa meza ya waandishi wa matokeo. Huyu ndiye mwenye jukumu, na hapa ndipo tunapokosea zaidi, kwa sababu mwamuzi wa pili huona aibu kumpigia filimbi mwamuzi mkuu, ambaye ndiye anayerusha. Aibu hiyo haina nafasi uwanjani. Wakubaliane kabla ya mechi: mpira ukipinda, ukiwa mfupi, au ukianguka bila kuguswa, piga mara moja, turudie, saa ya mchezo ibaki dakika 10:00.

Mwamuzi huyohuyo ndiye anayetazama wale wanane wengine. Duara la katikati lina nusu kipenyo cha mita 1.80, na hakuna mguu wala mkono wao unaoruhusiwa kuwa juu ya mstari wake kabla mpira haujaguswa. Mrukaji naye haruhusiwi kuudaka, wala kuugusa zaidi ya mara mbili kabla haujamgusa mchezaji mwingine au sakafu. Mpira ukiguswa kihalali, mwamuzi huyo wa pili ndiye anayeshusha mkono kumpa mtunza saa ishara ya kuanza, kisha anatangulia kwenda chini ya ringi, upande wowote mpira unakoelekea. Aliyerusha atulie palepale hadi watu wampite. Akirudi nyuma haraka, atagongana nao.

Viwanja vya wazi vina taabu yake. Mechi ya saa kumi jioni kwenye uwanja uliolala mashariki–magharibi humwacha mrukaji mmoja akitazama jua. Hilo huwezi kulibadilisha, ila upepo wa pembeni ukiuchukua mpira, rudia.

Kwa mezani: mwandishi wa matokeo asigeuze mshale mpira unapoguswa. Asubiri hadi timu moja iushike uwanjani, kisha mshale uelekezwe upande inakoshambulia timu nyingine. Wakati wa mapumziko ya nusu mchezo timu zinapobadilishana magoli, mshale nao ugeuzwe, mwamuzi akiwa anaona.