Fikra zetu zimeanza kufanana na slaidi

Ukifungua programu ya slaidi, unakuta nafasi ya kichwa cha habari, na chini yake vidoti vinasubiri maneno. Hujajua bado unataka kusema nini, lakini umbo la utakachosema limeshaamuliwa: kifupi, kilichokatwa vipande. Fanya hivyo kila wiki kwa miaka kadhaa, na hoja zitaanza kukujia kichwani zikiwa zimekatwa vivyo hivyo. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko tunavyolichukulia.

Hoja ina viungo. Hili limesababishwa na lile. Lile ni kweli, ila kwa sharti fulani. Ukiandika aya unabanwa useme uhusiano huo waziwazi. Kwenye vidoti unaweza kuweka mambo mawili jirani, ukaenda zako, na msikilizaji akajiunganishia mwenyewe.

Januari 2003, chombo cha anga cha Columbia kikiwa bado kinazunguka dunia, wahandisi walikuwa wakitathmini madhara ya kipande cha povu kilichobanduka kwenye tangi la nje wakati wa kuruka na kugonga bawa la kushoto. Wakubwa wa NASA, shirika la anga la Marekani, walipewa tathmini hiyo kwa slaidi. Moja yao ilikuwa na kichwa cha habari chenye kutuliza, kana kwamba majaribio ya zamani yanatosha kutia moyo. Habari yenyewe ilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo: povu lililogonga lilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, na lile la majaribio lilikuwa na 3 tu. Tofauti ya mara 640! Tarehe 1 Februari chombo kikasambaratika kikirejea, na watu wote 7 waliokuwemo wakafariki.

Tume ya uchunguzi, katika ripoti yake ya Agosti mwaka huo, iliichambua slaidi hiyo na kulalamikia mazoea ya NASA ya kutumia slaidi badala ya ripoti za kitaalamu. Sidai kwamba slaidi ndiyo iliyoangusha chombo. Ninachodai ni kwamba mhandisi akiandika aya nzima kuhusu namba hizo mbili, hawezi kuimaliza bila kukiri kwamba majaribio yale hayasemi chochote kuhusu pigo kubwa kiasi hicho.

Lahajedwali, yaani programu za kupanga namba kwenye safu na kuzikokotoa, nazo zina mkono wao. Tangu VisiCalc, mojawapo ya programu za mwanzo za aina hiyo, ilipotoka mwaka 1979, kujaribu makadirio kumekuwa rahisi ajabu: unabadilisha namba moja na hesabu nzima inajipanga upya. Hiyo ni neema kubwa. Lakini jambo lisilo na safu yake kwenye jedwali hutoweka kwenye kikao, hata kama kila aliyekaa pale analijua. Na tunavyojipinda kuifuata programu, inanishangaza. Excel, lahajedwali ya Microsoft, ilikuwa ikigeuza majina ya jeni kama SEPT1 na MARCH1 kuwa tarehe, na makosa hayo yakaingia mpaka kwenye makala za kisayansi. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikatangaza kuyabadilisha. Leo ni SEPTIN1 na MARCHF1. Microsoft iliweka njia ya kuzima ugeuzaji huo mwaka 2023, majina yakiwa yameshabadilika.

Kuna waliokataa. Jeff Bezos, mwanzilishi wa kampuni ya Amazon, alipiga marufuku slaidi kwenye vikao vya viongozi wa kampuni hiyo mwaka 2004, akataka waraka wenye sentensi kamili, ambao watu huusoma kimya kabla ya kujadiliana. Si lazima kumpenda mtu huyo ili kuona kwamba hapo alipatia.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni wanafunzi, maana wengine wanafundishwa kupanga slaidi kabla hawajaweza kujenga hoja ya ukurasa mmoja. Mwalimu anayetaka slaidi 10 kuhusu mada fulani adai kwanza kurasa 2 za maelezo, azisome, azirudishe zikiwa na alama ya kuuliza kila mahali ambapo sababu imerukwa. Slaidi zije baada ya hapo, kama bado zitahitajika.