Agosti 1998: Kinshasa haikuokolewa na Zimbabwe peke yake

Makala yenu inaeleza kwamba uvamizi wa Agosti 1998, ambapo Rwanda na waasi walijaribu kuiangusha serikali ya Laurent Kabila huko Kongo (DRC), ulishindwa kwa sababu wanajeshi wa Zimbabwe waliulinda uwanja wa ndege wa Ndjili, Kinshasa. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari. Sisi wa Goma, mashariki mwa Kongo, tunakumbuka kwamba uasi ulianzia huku na Bukavu tarehe 2 Agosti, na kwamba siku mbili baadaye ndege zilizotekwa katika uwanja wetu ziliwabeba askari, wakiongozwa na James Kabarebe, kamanda wa Rwanda, hadi kambi ya Kitona, upande wa pili kabisa wa nchi, karibu na Atlantiki. Mpango ulikuwa wa kijasiri, tukiri hivyo hata kama unatuuma: waliliteka bwawa la umeme la Inga, wakaukatia mji mkuu umeme, na bandari ya Matadi ikawa mikononi mwao. Kilichouvunja hasa ni majeshi ya Angola, yaliyoingia kutoka Kabinda, jimbo la Angola, na kuwapiga wavamizi kwa nyuma, wakakatiwa njia ya kupata silaha na chakula. Raia wa Kinshasa nao waliwasaka waliopenya mitaani, na wasio na hatia waliuawa kwa sababu ya sura zao tu, wakidhaniwa kuwa Watutsi, jambo ambalo makala imelipita kimya.