Dar haijapunguza kasi, imevuka mpaka

Sensa ya 2022 ilipotangazwa nilisikia watu wazima, tena wasomi, wakisema Dar es Salaam imeanza kutulia. Hoja yao ilikuwa hii: mkoa una watu 5,383,728 na kwa miaka kumi umekua kwa asilimia 2.1 kwa mwaka, wakati nchi nzima imekua kwa asilimia 3.2. Sensa iliyotangulia Dar ilikuwa inakimbia kwa zaidi ya asilimia 5. Kwa hiyo, wakasema, watu wamechoka na foleni na joto, wanarudi mikoani.

Wengi hawajarudi kokote. Wamehamia mkoa jirani wa Pwani, na asubuhi wanakuja mjini kazini kama kawaida.

Weka mikoa hiyo miwili pamoja uone. Kati ya 2002 na 2012 Dar iliongezeka kwa asilimia 75 hivi, Pwani kwa 24. Miaka kumi iliyofuata mambo yakageuka juu chini: Dar asilimia 23, Pwani 84, kutoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947. Ni kweli, si wote hao ni wa Dar. Pwani ina Rufiji, ina Mafia, ina Chalinze, na viwanda vya Kibaha na Mkuranga vimevuta watu wake. Lakini pita barabara zenyewe. Kwa Morogoro Road, kutoka Kibamba hadi Maili Moja nyumba hazikatiki. Kwa Bagamoyo Road unapita Bunju, Mapinga, Kerege, na bila kibao hujui mkoa umeishia wapi. Kwa Kilwa Road ndiyo usiseme: Mbagala, Kongowe, Mwandege, Vikindu, Kisemvule, mji ni uleule, maduka ya vifaa vya ujenzi ni yaleyale, na mkuu wa mkoa tu ndiye tofauti.

Anayetaka kujua jiji linaishia wapi aachane na ramani, aende kituoni saa kumi na moja alfajiri. Mwandege au Vikindu utaona watu wanapanda daladala linalotoka mjini, linaloelekea mwisho wa gari, si kule wanakokwenda wao. Wanageuza nalo. Wanalipa nauli mara mbili ili wapate siti, kwa sababu gari likishageuza na kupita vituo viwili vitatu, mlango wenyewe unakuwa na watu wananing'inia. Mtu anayegeuza na gari kila siku ya kazi ili awahi Posta au Kariakoo ni mkazi wa Dar es Salaam, hata kama kitambulisho chake kinasema Mkuranga.

Ndiyo maana kulinganisha miji kwa namba za mipaka ya utawala ni kazi bure. Chongqing ya China mara nyingi hutajwa kuwa jiji kubwa kuliko yote duniani, watu milioni 32. Lakini eneo lake ni kilomita za mraba zaidi ya 82,000. Mkoa mzima wa Tabora unaingia humo na nafasi inabaki. Ndani yake kuna mashamba, milima na vijiji. Tokyo ni kinyume chake: ndani ya mipaka yake rasmi ina watu milioni 14 hivi, ilhali mji unaoishi kwa treni zake, pamoja na Kanagawa, Saitama na Chiba, unafika milioni 37. Na sisi tusicheke sana, maana tangu 2021, halmashauri ya jiji la zamani ilipovunjwa, kisheria Jiji la Dar es Salaam ni Ilala peke yake, wilaya moja kati ya tano za mkoa, watu 1,649,912. Mtu wa Sinza au Mbagala, kwa karatasi, si wa jiji.

Majirani zetu wa Nairobi nao wana ugonjwa huohuo. Kati ya sensa ya 2009 na ya 2019 kaunti ya Nairobi iliongezeka kwa asilimia 40, kufika watu 4,397,073. Kaunti jirani ya Kiambu iliongezeka kwa 49, na ya Kajiado, yenye Kitengela, Ngong na Ongata Rongai, kwa 63. Mji wa Ruiru, ulio Kiambu, ulizidi maradufu na kukaribia watu 490,000, na barabara ya Thika iliyopanuliwa na kumalizika 2012 ina mkono wake hapo. Mpaka wa Nairobi umebaki kilomita za mraba 696 hivi tangu enzi za uhuru, na 117 kati ya hizo ni mbuga ya wanyama.

Hata hivyo, Nairobi na Dar hazijatanuka kwa namna moja. Kukua na kutapakaa ni vitu viwili. Mwaka 1990 Atlanta na Barcelona zilikuwa na watu karibu sawa, kati ya milioni mbili na nusu na tatu, lakini Atlanta ilikuwa imelala juu ya zaidi ya kilomita za mraba 4,000 na Barcelona chini ya 200. Kwetu, mkoa wa Dar una watu kama 3,900 kwa kilomita ya mraba. Nairobi ina 6,300, na ukiitoa mbuga inakaribia 7,600. Nairobi imekwenda juu: mitaa ya Pipeline, Zimmerman, Roysambu, gorofa juu ya gorofa hadi jua halifiki chini. Dar imekwenda pembeni, nyumba ya chini moja moja, kila moja kwenye kiwanja chake cha mita ishirini kwa ishirini.

Kwa nini? Watu husema Wabongo tunapenda kujenga. Mimi naona sababu kubwa ni kodi ya nyumba. Nairobi mpangaji analipa mwezi kwa mwezi, akitanguliza amana. Dar mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, mwingine mwaka mzima. Mtu wa kipato cha kawaida akishakusanya fedha hizo mara tatu nne, anaanza kujiuliza kwa nini asinunue kiwanja. Benki haimkopeshi, kwa hiyo anajenga taratibu: leo tofali, mwakani bati, madirisha Mungu akijalia. Ujenzi wa namna hiyo unahitaji ardhi ya bei ndogo, na ardhi ya bei ndogo iko kule dalali anakokuambia "umeme upo, maji yanakuja, lami ni dakika tano kwa boda". Maji hayaji. Yakija, DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, imeshatandaza bomba kilomita nyingi kwa nyumba chache chache, na sote tunachangia gharama hiyo kwenye bili.

Kwa hiyo simlaumu aliyejenga Kisemvule. Lawama zangu ni kwa waliokuwa wanaona. Dar ilipata mpango kabambe, yaani ramani ya jinsi mji wote utakavyokua, wa 1949, wa 1968 na wa 1979, wakati sensa ya 1978 ilikuwa imehesabu watu wasiofika 850,000. Baada ya hapo jiji lilikaa miongo bila mpango mpya kamili hadi huu wa 2016 hadi 2036. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima Bunju, Kibada, Tuangoma na kwingineko, kazi nzuri, lakini kwa kasi ya mji huu vilikuwa tone baharini, na vingi viliishia kwa wenye uwezo.

Na bado tunafanya vilevile. Barabara ya mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake, ya Kilwa Road inakomea Mbagala Rangi Tatu, huku mji umeshafika Vikindu. Mtu wa Mwandege anashuka daladala, anapanga foleni upya. Ajabu ni kwamba maji yameshatatua jambo hili: DAWASA inahudumia Dar pamoja na Kibaha, Bagamoyo, Kisarawe na Mkuranga, kwa sababu bomba kutoka mto Ruvu haliwezi kukatwa mpakani. Kama maji yamewezekana, usafiri na upimaji wa viwanja vimeshindikana nini?

Sidai mkoa upanuliwe. Kuongeza eneo la utawala kutatupa mkuu wa wilaya mpya na ofisi mpya, basi. Nataka chombo kimoja chenye meno, kinachopanga njia za mabasi na matumizi ya ardhi kutoka Posta hadi Kibaha, Mapinga na Mkuranga mjini, halmashauri zote zikikaa humo na kuchangia fedha. Kenya ilijaribu kitu cha karibu na hicho 2008 ilipounda wizara ya Nairobi na miji inayoizunguka. Ugatuzi, yaani mamlaka kugawiwa kaunti, ulipoingia 2013 wizara ikafa. Hilo ni la kujifunza kabla hatujafika huko.

Na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina hesabu za kila kata. Itoe jedwali moja tu: kata zote ambazo nyumba zimeungana na Dar, bila kujali ziko mkoa gani. Hapo ndipo tutakapojua mwendokasi ulitakiwa ufike wapi.