Kahawa haina ugomvi na mimi, saa yake ndiyo inayo

Kuna sauti inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, bwana mmoja anafoka kuwa kahawa inatumaliza, tuiache leo leo. Aliyenitumia ni binamu yangu, ambaye hafiki kazini bila kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu mkononi. Humo hamna kafeini, eti!

Jamani, kikombe cha barazani mafunda matatu kimekwisha, na hakina hata chembe ya sukari. Mwenye kuogopa sukari aanze na kashata na halua. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kuwa kafeini isiyozidi miligramu 400 kwa siku haimdhuru mtu mzima mwenye afya. Mjamzito asizidishe 200, na mwenye presha amsikilize daktari wake. Haya, hapo nimekubali.

Mie nagombana na saa. Kahawa yetu inanoga usiku. Isha ikishaswaliwa, dele liko juu ya makaa, Jaws Corner, baraza yetu ya kahawa hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, imejaa, huku siasa, kule mpira, na kila anayefika anawaagizia wenzake. Ukikataa unaambiwa unajidai. Sasa piga hesabu: kwa watu wengi, nusu ya kafeini bado imo mwilini masaa 5 hivi baada ya kunywa. Ya saa 3 usiku, nusu yake unayo saa 8, unahesabu boriti za dari. Alfajiri macho mekundu, na dawa yake ni nini? Kahawa tena! Mchana mtu anasinzia juu ya meza ya watu, usiku anarudi barazani kulalamika kuwa joto halimpi usingizi. Joto la mji huu linasingiziwa mengi.

Na kile kichwa cha Ramadhani ya mwanzo tunachokiita njaa? Mara nyingi ni kafeini iliyokatwa ghafla. Maumivu huanza kati ya masaa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho. Anza kupunguza tangu Shaabani, kidogo kidogo, na cha mwisho kiwe cha alasiri.

Muuza kahawa wa mtaani kwetu nimemshauri usiku aweke na birika la mchaichai. Kacheka mpaka kakohoa.

"Shekhe, nani atanilipa kwa majani, na kwake yameota uani?"