Je, Matanga ya T'Challa Yaanuliwe?

Waliokulia kwenye mabanda ya video wanaijua kanuni: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mwisho wa picha utamwona amesimama. Tarehe 28 Agosti 2020 kanuni hiyo ilivunjika, na aliyeivunja hakuwa mwandishi wa hadithi. Chadwick Boseman, aliyeigiza T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya Kiafrika ya kubuni kwenye filamu ya Black Panther, alifariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 43. Aligundulika na ugonjwa huo mwaka 2016, akaufanya siri, akaendelea kuvaa vazi la chui mweusi na kupigana mbele ya kamera. Hata mwongozaji wake, Ryan Coogler, hakujua.

Desemba mwaka huo wa 2020 Marvel, studio inayotengeneza filamu hizo, ilitangaza kwamba uhusika wa T'Challa hautapewa mtu mwingine. Filamu ya pili, Black Panther: Wakanda Forever, ilipotoka Novemba 2022, mfalme alikufa dakika za mwanzo kwa maradhi yasiyotajwa jina, na baadaye dada yake Shuri akalivaa vazi lake. Mashabiki waligawanyika na bado wamegawanyika. Maelfu walitia saini ombi la mtandaoni wakitaka atafutwe mwigizaji mwingine, na kaka wa marehemu naye alisema anaamini Chadwick mwenyewe angetaka mfalme aendelee kuishi.

Hoja yao ni nzito kuliko inavyosikika mara ya kwanza. T'Challa hakuzaliwa na Boseman. Alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby kwenye vitabu vya katuni mwaka 1966, kabla Boseman hajazaliwa. Heath Ledger, aliyeigiza Joker, adui wa Batman, alifariki Januari 2008, na tangu hapo Joker ameigizwa na wengine, mmoja wao, Joaquin Phoenix, akapata Oscar kwa uhusika huo huo uliompa Ledger yake. Superman amebadilishwa sura mara ngapi? Na Marvel wenyewe, William Hurt alipofariki mwaka 2022, walimkabidhi Harrison Ford uhusika wake wa Jenerali Ross, na filamu ikatoka 2025. Kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza: mbona wazungu hawa wanarithiwa, na mfalme mweusi anazikwa na taji lake?

Swali hilo linaniuma, kwa sababu T'Challa alikuwa na filamu moja tu iliyo yake hasa, ile ya 2018. Kwingineko alikuwa mgeni kwenye hadithi za watu. Mfalme wa Kiafrika mwenye akili, utajiri na nchi isiyowahi kutawaliwa na mkoloni, ambaye dunia nzima ilimlipia tiketi zaidi ya dola bilioni 1.3, alipata jukwaa mara moja akaondoka. Machi 2019 Aubameyang aliifungia Arsenal, akakimbia kuchukua barakoa ya Black Panther na kuivaa uwanjani. Alieleza kwamba timu ya taifa ya Gabon huitwa Panthers. Barakoa ile ilikuwa imeshakuwa mali ya watu wengi.

Sasa nigeukie upande wa pili, nao niliukubali nikiwa nimekaa kwenye kiti cha sinema. Nembo ya Marvel ilipopita na picha za Boseman, bila muziki, ukumbi mzima ulinyamaza. Hapo nilijua kwamba kama angetokea mtu mwingine na kusema "mimi ndiye T'Challa", tusingemsikiliza. Kevin Feige, mkuu wa Marvel Studios, alieleza kwamba ilikuwa mapema mno, na kwa hilo alisema kweli. Coogler alikuwa ameshaandika hadithi ya T'Challa na mwanawe, akalazimika kuandika nyingine huku akiomboleza rafiki. Filamu iliyotoka ni ya msiba kweli kweli. Watu wamevaa nyeupe. Ramonda, mama yao T'Challa na Shuri, kwa uigizaji wa Angela Bassett uliompa uteuzi wa Oscar, anampeleka bintiye mtoni wachome nguo za msiba baada ya mwaka, na binti anakataa. Sisi tunaokaa matanga na kuyaanua tunaielewa lugha hiyo. Shuri anakuja kuichoma nguo yake mwishoni kabisa, ufukweni Haiti, kwa Nakia, mpenzi wa T'Challa aliyeigizwa na Lupita Nyong'o.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Marvel. Filamu yenyewe inasema matanga yana siku ya kuanuliwa, ilhali uamuzi wao uliwekwa kama wa milele. Walitujibu kwa mtoto: pale Haiti tunaonyeshwa mwana wa siri wa T'Challa, naye anaitwa T'Challa. Kumpa mtoto jina la marehemu ni desturi yetu pia, na nilitokwa machozi. Lakini mtoto huyo hawezi kuziba pengo, kwa kuwa tuliyempoteza ni mtu mzima mwenye maamuzi ya mtu mzima. Shuri naye anastahili vazi lake bila kugeuzwa sababu ya kumfungia kaka yake kaburini.

Kwa hiyo nasema walikuwa sahihi mwaka 2022, na watakuwa wamekosea wakiendelea hivyo. Coogler amesema filamu ya tatu inakuja. Nisingelalamika hata kidogo kama ingemleta T'Challa mwenye sura nyingine, kutoka ulimwengu mwingine wa hadithi zao, maana njia hiyo wameshawapitishia wengi.

Ila mwigizaji huyo atakuwa na deni. John Kani, aliyecheza baba yake mfalme, ndiye aliyeleta Kixhosa, lugha ya Afrika Kusini, kwenye filamu hizi, na Boseman akajifunza mistari yake. Tena Boseman alikataa T'Challa azungumze Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani, akisema nchi ambayo haikutawaliwa haina sababu ya kuiga lafudhi ya mtawala. Sura ile aliondoka nayo. Lafudhi aliiacha, na atakayevaa vazi aanze kwa kujifunza hiyo.