Matusi ya vijana wa China mitandaoni: nani anaumia?

Oktoba 2024, mamlaka ya intaneti ya China na Wizara ya Elimu zilianzisha kampeni ya kusafisha lugha ya mitandaoni. Hofu yao inaeleweka. Watoto huiga wanachosoma, na mwalimu akikuta "tmd", kifupisho cha tusi la mama, kwenye insha ya mwanafunzi, ana haki ya kuchukizwa.

Lakini mengi ya matusi hayo hayamlengi mtu. Anayemwandikia rafiki yake "niubi" anamsifu, ingawa neno lenyewe limebeba jina chafu la uke. "Diaosi", neno linalodokeza nywele za sehemu za siri za mwanamume, lilivuma kuanzia 2011 hivi kwa kuwa vijana wasio na nyumba, gari wala mchumba walijiita hivyo wenyewe. Mwongozaji filamu Feng Xiaogang aliwakemea mwaka 2013 kwamba wanajidhalilisha. Naona aliwaonea: walikuwa wanaeleza maisha yao kwa lugha kali kadiri ya ukali wa maisha hayo.

Marufuku nayo huzaa mbinu. Mwaka 2009 alisambaa "farasi wa nyasi na matope", mnyama wa kubuni mwenye sura ya alpaka, ambaye jina lake kwa Kichina linakaribia kabisa kutamkika kama tusi la mama. Wadhibiti walidhihakiwa mchana kweupe.

Hata hivyo, siwezi kuwatetea vijana hawa moja kwa moja. Aprili 2020, katika ugomvi wa mitandaoni na Wathai, Wachina wengi waliwamiminia Wathai hao "nmsl", yaani mama yako amekufa. Huo si utani wa marafiki. Tena tazama anayetukanwa: karibu kila mara ni mama, au mwili wa mwanamke. Msichana anayeandika "tmd" kwa hasira za mtihani anatumia silaha iliyotengenezwa dhidi yake. Baadhi ya wanawake wameliona hilo, wakaanza kuandika "tadiede", wakamweka baba mahali pa mama. Kwangu hayo ndiyo mabadiliko yenye uzito kuliko kampeni yoyote, maana yamegusa chuki iliyomo ndani ya tusi. Orodha ya maneno yaliyokatazwa haifiki huko: "nmsl" ikizuiwa leo, kesho mama yule yule atatukanwa kwa herufi nyingine.